Kasa naye anahitaji pumzi: niliyojifunza kwenye trola na kwenye jarife

Kasa wa kwanza niliyemtupa baharini nikijua amekufa, leo sina uhakika kama kweli alikuwa amekufa. Hii kitu imenikaa kifuani miaka 20 na zaidi na ndo sababu naandika, maana najua kuna vijana wako kazini saa hizi, kwenye matrola, kwenye mashua za jarife, kwenye meli za mishipi mirefu, na wanafanya vile vile nilivyofanya mimi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mi ni mtu wa Mayungu, kati ya Malindi na Watamu. Mwaka 2004 nikapata kazi ya deki kwenye trola la kamba, wale kamba wa kuliwa, tukivua Ghuba ya Ungwana kuanzia maji ya Ngomeni mpaka karibu na Kipini pale mto Tana unapomwaga tope lake. Kamba wanapenda tope, na penye kamba kuna kila kitu kingine: changu wachanga, taa, papa wadogo, kaa, na kasa. Trola lina nyavu mbili, moja kila ubavu, zinashuka mpaka chini kabisa, meli inakokota masaa mawili, saa ingine matatu, alafu winchi inavuta na ule mfuko wa mwisho unafunguliwa juu ya deki. Mlima wa vitu. Kazi yetu ilikuwa kukaa chini na kuchambua, kamba kwenye kreti, samaki wa maana pembeni, na kilichobaki kinasukumwa kwa koleo kurudi majini, na kilichobaki ndo kilikuwa kingi. Samaki wa urefu wa kidole, maelfu, wameshakufa, macho yamewatoka kwa kuvutwa juu haraka. Ndugu zangu wa Ngomeni walikuwa wanasubiri hao hao wakue ili wawavue mwaka unaofuata, na mimi niko juu nawasukuma kwa koleo, na hio niliielewa baadae sana.

Siku hio kwenye ule mlima kukatokea kasa, si mkubwa sana, gamba lake kama sinia la pilau ya watu wanane. Amelegea kabisa. Shingo imening'inia, mapezi hayana nguvu, macho nusu wazi, maji yanamtiririka puani. Serang, mkuu wetu wa deki, akamgusa kwa buti akasema huyo ashakwenda, tupeni. Tukamshika wawili, mi nikamshika nyuma karibu na mkia, tukahesabu tatu tukamrusha, akazama moja kwa moja bila kugeuka. Nikarudi kuchambua kamba.

Sasa sikilizeni. Kasa akiwa amelala chini kwa raha zake anaweza kukaa masaa bila kuja juu, ndo maana watu wanadhani hawezi kufa maji. Lakini akiwa kwenye wavu anahangaika, anapigana, na akipigana ile hewa aliyoibeba inaisha upesi sana, masaa mawili ya kukokotwa ni mengi mno kwake. Ikiisha anapoteza fahamu. Na kasa aliyepoteza fahamu anafanana na maiti kabisa, hasogei, humwoni akipumua, moyo unapiga kwa mbali mno huwezi kuusikia. Ukimrudisha majini akiwa hivyo anazama na anakufa kweli. Yani sisi ndo tulikuwa tunawamalizia, si wavu.

Inavyotakiwa ni hivi, na hii naomba mtu aibebe kichwani akienda kazini. Muweke kifudifudi, tumbo chini, usimlaze chali hata kidogo. Nyuma umuinue, angalau sentimita 15, akiwa mkubwa zaidi ya hapo, uweke gurudumu kuukuu au kreti au tanga lililokunjwa ili maji yatoke mapafuni kwa mdomo na pua. Umtie kivulini, umfunike kitambaa kilicholoa ila pua usizibe. Ukitaka kujua kama yuko, gusa taratibu pembeni ya jicho au mkia, saa ingine anashtuka kidogo tu. Alafu unasubiri, masaa 4, na kama bado unaendelea kusubiri hadi 24. Usimkanyage kifua kumtoa maji, usimmwagie ndoo za maji usoni. Akianza kutembea na kuinua kichwa, unasimamisha injini, unamshusha polepole kwa nyuma, mbali na nyavu. Hakuna kifaa cha kununua hapo, ni kivuli na subira tu, na trola zima tulikuwa hatujui.

Alafu kile kifaa chenyewe cha kutoa kasa tulikuwa nacho! Sisi tulikiita tedi. Ni fremu ya chuma ya mviringo ina nondo zimesimama zimepishana si zaidi ya sentimita 10, inafungwa ndani ya wavu kabla ya ule mfuko wa mwisho, imelala kwa mshazari, na juu yake au chini yake wavu una mlango wa kitambaa cha nyavu. Kamba wanapita katikati ya nondo wanaingia mfukoni. Kasa akija anagonga nondo, anateleza na ule mshazari, anatokea mlangoni anakwenda zake juu kupumua. Jambo lenyewe ni rahisi na lilianza kwa mvuvi, huko Georgia Marekani, jamaa anaitwa Sinkey Boone ambaye shida yake haikuwa kasa bali yavuyavu walikuwa wanamjazia wavu, akatengeneza fremu ya kuwatoa. Baadae ndo ikaonekana inatoa na kasa, na mwaka 1989 Marekani ikapitisha sheria kwamba kamba wanaovuliwa kwa njia inayoua kasa wasiingie sokoni kwao, hapo nchi nyingi za kuuza kamba zikaamka.

Sisi tedi yetu tulikuwa tunaishona. Nasema wazi kwa sababu si sisi peke yetu, ni kitu kimefanywa pande nyingi za dunia. Ule mlango tulikuwa tunaupitisha uzi wa nailoni unafungika, na ikionekana boti ya doria mbali uzi unakatwa kwa kisu kimoja. Kwa nini? Kwa sababu malipo yetu ya juu ya mshahara yalitegemea kilo za kamba, na kuna safari moja mvua zilikuwa zimepiga huko juu, Tana ikashusha magogo na majani, likaingia gogo likakaa kwenye nondo, mlango ukabaki wazi, tukavuta masaa matatu tukapata mfuko hauna kitu. Watu walikasirika kweli. Toka siku hio tedi ikawa adui.

Miaka mingi baadae ndo nikakaa na fundi wa nyavu mzee mmoja Mombasa akaniuliza fremu yenu ilikuwa imelala vipi? Nikamwonyesha kwa mkono. Akacheka kwa huruma akasema hio ilikuwa imesimama mno, inatakiwa iwe kati ya digrii 45 na 55 hivi, ikisimama sana takataka haziteremki zinagandamana kwenye nondo, ikilala sana mlango unaachia na kamba wanakimbia. Yani tatizo letu lote lilikuwa pembe! Hakuna aliyekuja melini kutufundisha kupima hio pembe, chuma kililetwa kikafungwa kwa sababu sheria inasema kiwepo, basi. Mi naamini kabisa mtu wa deki akionyeshwa kwamba kifaa kikifungwa sawa kasa wa kilo 80 hamfikii mfukoni kumpondea kamba wake, na taa mkubwa mwenye mwiba haji kumchoma mguu, hatakishona. Sisi tulikuwa tunaletewa kama adhabu.

Mwaka 2006 matrola yakasimamishwa pale ghubani baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, nyavu zao zinakokotwa zinapotea na kasa wanaletwa na maji ufukweni wamevimba. Nikarudi nyumbani. Mwaka 2010 ukatoka mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba, ukaweka msimu wa kufunga kuanzia Novemba hadi Machi, usiku hakuna kukokota, matrola yakae mbali na pwani, tedi lazima. Mpango mzuri. Mi sikurudi, nilikuwa nishaingia kwenye mashua ya ami yangu, jarife.

Na hapa ndo nataka kukaa, kwa sababu watu wakisikia wanyama wa bahari kufa kwenye nyavu wanafikiria meli kubwa tu. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaachwa usiku unaelea, sisi tunatafuta jodari, nguru, papa, mbasi. Kwenye bahari yetu hii ya Hindi wataalamu walikaa wakapiga hesabu ya nyavu hizi za jodari, mwaka 2020 wakatoa makadirio kwamba toka 1950 hadi 2018 pomboo na nyangumi wadogo waliokufa humo ni kama milioni 4.1. Nilivyoisoma sikushangaa, nilikumbuka tu yule mmoja.

Ilikuwa kaskazi imekaa vizuri, tumetega usiku nje ya Mayungu, alfajiri tunavuta. Wavu ukawa mzito, ami akasema papa. Akatokea pomboo. Wavu umemkata kwenye pezi na kwenye mdomo, ngozi yake laini kama tyubu ya baiskeli iliyoloa, lile tundu la pumzi juu ya kichwa limefungwa kabisa, maana pomboo akiwa majini halifungui mpaka afike juu, sasa huyu hakufika, alikuwa chini kidogo tu ya maji, kama pima moja na hewa ingempata. Tukampandisha ili tumkwamue. Akiwa amelala kwenye mbao za mashua tukaona chini ya tumbo lake maziwa yanatoka. Meupe, mazito, yanateremka kwenye mbao yanachanganyika na maji ya bahari chini ya miguu yetu. Hakuna aliyesema kitu. Ami, mtu mzima, baharia toka utoto, akageuka akatazama upande wa pili, na mimi nikatazama baharini nikijua kuna mtoto wake yuko mahali hapo hapo anazunguka. Pomboo anazaa mmoja tu, na mpaka azae mwingine ni miaka miwili mitatu na zaidi. Kile kipande cha wavu kilichanika kiasi kwamba tulikaa siku mbili ufukweni tunashona.

Nikamuuliza, ami, sasa tunafanyaje? Akaniambia mwanangu, bahari ndo ilivyo. Hilo jibu lilikaa miaka kadhaa.

Jibu lingine lilikuja kwenye mkutano wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, alikuja mtu wa uvuvi akaeleza walichofanya wavuvi wa Pakistan. Hao nao wanatega nyavu za jodari, ndefu kuliko zetu mara nyingi, na walikuwa wanaua pomboo wengi. Manahodha wenyewe wakafundishwa kuandika kila kinachoingia wavuni, kisha wakajaribu kitu kimoja, badala ya wavu kuanzia juu ya maji wakaushusha uanzie mita 2 chini. Pomboo waliokufa wakapungua zaidi ya robo tatu. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao Ushelisheli, nayo ikazitaka nchi wanachama zishushe nyavu hivyo, mita 2. Sababu ni pumzi tena. Pomboo na kasa wanashinda wakienda juu kuvuta hewa, ile tabaka ya juu kabisa ndo mlango wao, na wewe umeuziba kwa wavu usiku kucha.

Nilimpelekea ami. Akasema samaki wote watapita juu tufe njaa. Nikamwomba nusu tu, nusu ya wavu tushushe na nusu tuache ilivyo. Akakubali kwa sababu alinipenda, si kwa sababu aliamini. Tukakaa chini ya mkungu jioni mbili tukakata nyugwe. Mita 2 ni pima moja na shibiri, ndivyo tulivyopima, mtu ananyosha mikono yake miwili anaongeza kiganja, anakata. Boya badala ya kufungwa kwenye ugwe wa juu wa wavu linafungwa kwenye huo ugwe mrefu, basi wavu unaning'inia chini na maboya yanabaki juu. Ukiweka mafupi mengine marefu mengine wavu unakaa kama milima, kwa hio lazima zilingane, na risasi za chini zisizidi sana maana unazama wote. Tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza wavu ukajisokota tukaamka tumeupata kama mkeka uliokunjwa.

Ilivyokaa sawa nikaanza kuandika kwenye daftari la mwanangu la hesabu, upande wa juu nini, upande wa chini nini. Jodari hawakutofautiana kitu cha kumfanya mtu alalamike. Mbasi na sansuri walipungua upande wa chini, hilo ni kweli na sitalificha, hao wanakaa juu, na kuna miezi mbasi ndo pesa. Lakini pomboo msimu ule walinaswa upande wa juu tu, na ami mwenyewe aliyekuwa hataki kusikia akawa anauliza kabla hatujavuta, "leo tunaanza wapi, kwa kina au kwa juu?" Msimu uliofuata tukashusha wote. Si kwamba alihubiriwa, alichoka kushona.

Kasa bado wanaingia, wachache. Na hapa upande wetu tuna bahati kubwa, kuna watu wa Local Ocean Conservation pale Watamu, walianza 1997 kama Watamu Turtle Watch, mvuvi akinasa kasa anapiga simu, wanakuja wanamwangalia, wanampima, wanamtia alama ya chuma kwenye pezi wanamwachia, aliyeumia wanamchukua kumtibu, na mvuvi anapewa kitu cha kumfidia muda wake. Wamewarudisha maelfu kwa njia hii. Kuna wanaosema kumlipa mtu kwa kasa ni kumfundisha kuwatafuta. Mi nimekaa kwenye mashua, ile pesa haifikii hata nusu ya bei ya wavu anaouharibu kasa akihangaika, hakuna mtu anachana jarife lake makusudi kwa hio. Inachofanya ni kuondoa woga.

Woga ndo jambo ambalo watu wa maofisini hawalioni. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 ni kali, kasa ni mnyama wa kulindwa, kuwa naye ni kesi. Iko sawa, wapo wanaomchinja na kumuuza nyama na mafuta. Lakini mvuvi aliyenasa kwa bahati mbaya, kasa amezirai, akikumbuka hio sheria anafikiria kitu kimoja tu, asikutwe naye, anamrusha. Na akimrusha amemuua. Kwa hio sheria ile ile inayomlinda inamzamisha kama hakuna mtu aliyekuja pwani kusema wazi kwamba kumweka kasa kwenye mashua masaa 24 akipumzika ili umwokoe na umeripoti si kosa. Naomba maafisa wetu walitamke hilo kwenye kila bandari, kwa mdomo, kwa Kiswahili, si kwenye karatasi.

Kuna mambo mengine nayafuatilia. Taa za kijani za kuning'iniza kwenye wavu, Mexico walizijaribu kwenye nyavu za kutega, matokeo yalitoka 2022, vitu visivyotakiwa vilipungua kwa uzito asilimia 63, na papa na taa, yule samaki, peke yao asilimia 95, na muda wa kuvuta na kukwamua ukapungua zaidi ya nusu. Kwa meli za mishipi kuna ndoana za duara badala ya zile zenye umbo la J, kasa hazimezi kirahisi. Vyote vizuri, ila taa zinataka betri na mashua yenye wavu mrefu inataka taa nyingi, mvuvi wa Mayungu hawezi. Anayenunua jodari akampeleka Ulaya anaweza. Mi nadhani ni yeye azilipe.

Mwaka jana kusi inaanza tulivuta wavu saa nane usiku tukapata kasa mkubwa, amelegea vile vile kama yule wa 2004. Ami siku hizi haendi baharini, nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 19 na baharia mmoja. Yule baharia akasema huyu maiti. Nikamwambia mpwa wangu kunja tanga. Tukamwinua nyuma tukamwekea, maji yakamtoka puani mengi, meusi kwa mwanga wa tochi. Nikagusa pembeni ya jicho, hakuna kitu. Tukamfunika kanga iliyoloa, tukaacha kuvuta wavu uliobaki kwa muda, tukakaa. Mpwa wangu akauliza tutakaa mpaka lini, nikamwambia mpaka kesho usiku ikibidi. Akanitazama. Nikamsimulia habari ya trola, yote, mpaka ule uzi wa nailoni.

Ilikuwa karibu kuadhiniwa alfajiri ndo tukasikia. Ni sauti kama mtu anapuliza chai ya moto, mara moja, alafu kimya kirefu, tukadhani tumesikia upepo. Alafu tena. Mpwa wangu akainua kanga taratibu akaweka mkono mbele ya pua yake, akaushika pale, akaniambia mjomba, ya moto.